Chungu cha Mbonea Mbele ya Wakwe

Haya, sogeeni. Mmekaa?

Tumekaa!

Aliyekalia mguu wa mwenzake amwachie, ataudai baadaye. Masikio mmekuja nayo?

Tumekuja nayo!

Basi yawekeni wazi, niyatilie kitu.

Zamani, zamani ile ambayo bibi yangu aliisikia kwa bibi yake, naye bibi yake aliisikia huku anasinzia, milima ya Upare ilikuwa bado inaamkiana. Mlima huu unauliza, "Umelalaje mwenzangu?" Ule unajibu, "Nimelala kwa ubavu, huu mwingine una mawe." Enzi hizo mvua ikitaka kunyesha hupiga hodi kwanza, na mbuzi walikuwa na adabu kuliko sasa. Kuliko ninyi sitasema, wazazi wenu wananisikia.

Katika mlima mmoja wa huko, kila nyumba ilikuwa na mviru wake. Mviru mnaujua? Wewe unayecheka, wewe unaujua kwa kuuiba. Mimi nauliza anayeujua kwa kuulea. Mviru ni mti usio na makuu. Unakaa nyuma ya jiko, katikati ya migomba na magimbi, majani yake makubwa yana manyoya kama sikio la ndama. Unaumwagia majivu shinani. Unautilia samadi ya mbuzi. Unaufungulia mfereji kiangazi kikiuma. Nao unakaa kimya mwaka hadi mwaka, mpaka siku unayokata tamaa ndipo unazaa.

Na maviru yake yakiwa mtini ni mazuri ajabu! Chanikiwiti, mviringo, yanang'aa kama macho ya paka. Lakini usiyaguse kwa meno. Viru bichi likiingia mdomoni, ulimi unajikunja unataka kurudi kwao. Kwa hiyo watu wa mlima ule waliyavundika. Unachuma, hutikisi. Unapanga chunguni, humwagi. Tabaka la majivu, tabaka la majani makavu ya mgomba, tabaka la maviru. Unafunika, unaziba mdomo kwa udongo, halafu unangoja. Huchungulii! Ukija kufungua, yamegeuka kahawia, yamelainika, yamejikunja ngozi kama mkono huu wangu. Uutazame vizuri, ni mkono mzuri uliozeeka tu. Na utamu wake sasa, wanangu, ni utamu wenye uchachu kwa mbali, kama mtu anayekusifu huku anakutania.

Desturi yao ilikuwa hii. Binti akiposwa, siku wakwe wanapokuja kumchukua, chungu cha maviru kinawekwa katikati ya ua. Maviru ya mti alioulea binti mwenyewe, aliyoyachuma mwenyewe, aliyoyavundika mwenyewe. Baba yake anabandua udongo, wageni wanakula palepale. Yakiwa matamu, wanainuka na binti. Yakiwa mabaya, hakuna ugomvi. Wageni wanashukuru, wanasema, "Tutakuja msimu mwingine." Na kila mtu anajua kwamba huo msimu mwingine hauko katika misimu.

Sasa mlimani hapo palikuwa na mtu anaitwa Mbonea. Mbonea alikuwa mpagazi wa misafara, na hakuna njia ambayo haikuzijua nyayo zake. Alibeba chumvi, alibeba nguo, alibeba mpaka pembe ya ndovu ya mtu aliyesema ni yake. Amefika nchi ambako watu wanalala kwenye miti, amefika pwani akaona maji yasiyo na ng'ambo. Akirudi, ua wake unajaa watu. "Nilikwenda na mzigo kichwani," anasema, "nikarudi na kichwa. Hata hicho wamenirudishia kwa kuwa hakikuwa na kitu." Watu wanashika mbavu! Alijicheka mwenyewe kabla hajachekwa, na kwa hiyo kila mtu alimpenda. (Mimi nami nimefika Kigoma, nikarudi na kofia. Lakini leo si kisa changu.)

Mkewe Mbonea alifariki mapema, akamwachia binti mmoja, Nakijwa. Mtoto akalelewa na shangazi yake Nakiete, dada yake Mbonea, mwanamke mwenye ulimi unaoweza kumenya ndizi. Baba yuko safarini, Nakijwa yuko nyuma ya jiko na mviru. Baba anarudi na hadithi, Nakijwa yuko nyuma ya jiko na mviru. Baba anaondoka tena, Nakijwa yuko wapi?

Nyuma ya jiko!

Na nani?

Na mviru!

Naam. Mnanisikiliza.

Lakini kuna hadithi moja ambayo Mbonea hakuwahi kuisimulia uani. Safari moja ya pwani, Nakijwa alimfungia kikapu cha maviru aliyoyavundika mwenyewe, akasema, "Baba, usifike mikono mitupu kwa watu." Mbonea akayabeba njia yote, akamkabidhi mwenyeji wake mbele ya jamaa. Kikapu kikafunuliwa. Mtoto mmoja mdogo akachungulia, akapiga ukelele, "Mama! Mgeni ametuletea vilivyooza!" Nyumba nzima ikacheka.

Na Mbonea alifanya nini? Alicheka kuwashinda wote. Akasema, "Loo! Nimechanganya mizigo, hiki kilikuwa chakula cha punda." Akatoka nacho, akakimwaga uchochoroni. Usiku ule aliwachekesha wenyeji wake mpaka wakalia. Lakini kile kicheko cha kwanza, cha mtoto, alikuwa amekimeza, nacho hakikusagika. Kilikaa tumboni, na kila alipoona viru la kahawia, kiligeuka upande.

Basi mambo yakaja kuangukia hapo. Nakijwa akaposwa na kijana anaitwa Mhina, mtu wa kule chini bondeni, upande wa kuelekea pwani. Mbonea aliposikia wakwe wanatoka upande wa pwani, alikikumbuka kile kikapu.

Siku ikafika. Asubuhi Nakijwa alikwenda mferejini kuoga na wenzake wanaomsindikiza. Nakiete alikuwa jikoni anavuruga sufuria na kugombana na moshi. Akamwita kaka yake.

"Mbonea!"

"Naam, dada."

"Kaa na chungu. Kuku asikiparure, mtu asikiguse. Na wewe ni mtu, kwa hiyo na wewe usikiguse."

"Dada, mimi nimelinda pembe za watu wakubwa, nishindwe na chungu?"

"Pembe hazina majivu. Kaa."

Akakaa. Akakitazama chungu. Chungu kikamtazama. Akasema moyoni, nichungulie kidogo tu, nijue. Akabandua udongo pembeni, akainua kifuniko.

Harufu ikapanda. Ilikuwa harufu nzuri, wanangu, yenye uvuguvugu, ya kitu kilichongojewa. Kama angefumba macho angefurahi. Lakini hakufumba. Aliyaona yamejikunja, ya kahawia, yana majivu kwenye makunyanzi, na papo hapo akamsikia yule mtoto wa pwani: "Mama! Vilivyooza!" Akawaona wakwe wamesimama uani wakicheka kwa pua. Akajiona mwenyewe anacheka nao.

Akasema, "Hapana. Si leo. Si mbele ya wale."

Akakinyanyua chungu, akazunguka nyuma ya zizi la mbuzi, akakimwaga chote. Akaenda kwenye mviru. Juu kabisa yalikuwa yamebaki machache ya mwisho, mabichi, mazuri, yanang'aa. Akapanda na umri wake ule, tawi likamchana mguu, akayachuma. Akayafuta moja moja, akayapaka mafuta ya kondoo ili yazidi kung'aa. Akayapanga chunguni, akaziba udongo upya. Akakaa. Akajisemea kwamba wageni wataona tunda zuri, watalisifu, watalibeba kwenda nalo kwao. Nani atang'ata?

Lakini desturi inasema wanafanya nini?

Wanakula palepale!

Ninyi mnajua. Yeye alijua pia. Hofu ya kuchekwa ndiyo iliyomsahaulisha.

Wageni wakapanda. Mbele mama yake Mhina, mwanamke mnene mwenye magoti mabovu, anahema kama mvukuto. Nyuma yake mjomba wa kijana, Mzee Semdoe, mrefu, mkavu, na fimbo yake. Na jamaa wengine.

"Hodi kwa wakwe!"

"Karibuni, karibuni! Mlima haukuwala?"

"Umetutafuna, lakini umetutema," akasema mama Mhina. Akaketi, mkeka ukalalamika. "Mkwe, mlima wenu hauna hata mahali pamoja palipolala?"

"Palikuwapo, mkwe. Nilipapeleka pwani nikapauza," akasema Mbonea. Wakacheka wote, naye akatulia kidogo. Akaona mambo yatakwenda.

Nakijwa akatoka, amepakwa mafuta, amejifunga vizuri, akakaa mlangoni pa nyumba macho chini. Nakiete akaleta chungu, akakiweka katikati ya ua, akarudi jikoni kwenye moshi wake. Mbonea akabandua udongo. Akainua kifuniko.

Yakang'aa! Chanikiwiti tupu!

Mlangoni, Nakijwa aliinua uso mara moja, kisha akauinamisha. Mama Mhina alikitazama chungu kwa muda mrefu. Akamtazama kaka yake, naye Semdoe akatazama ncha ya fimbo yake. Kisha, kwa adabu, kila mmoja akachukua tunda lake. Kwa adabu, kila mmoja akang'ata.

Mmewahi kung'ata viru bichi? Hebu fanyeni uso wake. Naam, huohuo. Sasa mkiwa na uso huohuo semeni, "Ni tamu sana, mkwe."

Ni tamu sana, mkwe!

Hivyo ndivyo walivyosema. Mdomo wa Mzee Semdoe ulijifunga kama mfuko wa ngozi uliovutwa kamba. Machozi yalimtoka mama Mhina, akasingizia moshi wa jikoni. Lakini hakuna aliyetema. Hakuna aliyecheka. Walitafuna, walimeza, wakanyoosha mkono wakachukua la pili, kwa sababu mkwe hakatai cha mkwe. Mbonea alikuwa amejiandaa kwa kicheko. Hakujiandaa kwa watu kuula uchungu wake mbele yake wakimshukuru.

Na hapo ndipo aliingia mbuzi. Beberu, mzee, amevunja uzio. Akapita katikati ya wageni bila hodi, ndevu zake zote zimeganda rojo la kahawia, anajiramba huku amefumba macho kwa raha. Harufu ikamfuata uani.

Mama Mhina akamtazama beberu. Akasema pole pole, "Mkwe, naona hapa kwenu mbuzi hula vizuri kuliko wakwe."

Watu wakacheka kidogo.

"Ngoja niseme," akaendelea yule mama. "Msimu uliopita mwanangu Mhina aliniletea kikapu, akasema kimetoka mkononi mwa binti huyu. Yalikuwa ya kahawia, yamejikunja kama mikono ya marehemu mama yangu. Nilikula mpaka nikanyonya kokwa. Nimepanda mlima huu wote kwa magoti haya kwa ajili ya maviru yale. Sasa haya, mkwe, nani ameyatia chunguni?"

Kumbe! Wamekuja kwa yale yale!

Jibu lilikuwa neno moja. Mimi. Fupi kuliko jina lake. Mtu aliyekuwa anasema tangu jua kuchomoza mpaka kutua, aliyekuwa na neno kwa kila mfalme na kila mvukishaji mtoni, neno hilo moja lilimkataa. Mdomo wake ukajisemea wenyewe, tena kwa kicheko, kama alivyozoea:

"Aa, mkwe, watoto wa siku hizi! Ni binti. Ana haraka zake. Kayachuma kabla ya wakati."

Hata beberu aliacha kujiramba.

Kwa maana mnaelewa alilolisema? Binti asiyeweza kungoja tunda, ataweza kungoja mume, mtoto, mvua? Alikuwa amechukua miaka yote ya Nakijwa nyuma ya jiko, akaimwaga pale uani kama majivu.

Nakijwa aliinua macho, akautazama mviru. Akamtazama baba yake. Kisha akayashusha.

"Ni mimi," akasema. "Nisameheni, wakubwa zangu."

Mzee Semdoe akasimama, akajiegemeza fimboni. "Tumeshukuru, mkwe. Tumekula, tumeshiba. Tutakuja msimu mwingine."

Jamaa wakaanza kukunja nguo zao. Mama Mhina alibaki anasugua magoti. Nakijwa akaja katikati ya ua, akapiga magoti, akaanza kuokota maviru mabichi yaliyobaki na kuyarudisha chunguni, moja moja, bila kelele. Mbonea alikuwa amesimama juu yake. Aliona mikono yake. Kwenye mipasuko ya vidole majivu yalikuwa yameingia ndani kabisa, hayatoki hata kwa kuoga mferejini asubuhi nzima. Hakuwahi kuiona mikono ile. Alijua rangi ya maji ya pwani, hakujua mikono ya mtoto wake.

Akafungua mdomo atafute la kuchekesha. Hakuna kilichotoka.

Akageuka, akaenda nyuma ya zizi mbio. Wageni wakasikia vurumai, mbuzi wanalia, mtu anasema, "Toka, mlafi wee, niachie!" Akarudi na ungo, matope hadi magotini, na kwenye ungo maviru ya kahawia yaliyosalimika, mengine yamekanyagwa, mengine yana majani na samadi. Akapita mbele ya binti yake, akapiga magoti mbele ya wakwe. Mwanaume mzima, baba wa bibi harusi.

"Haya ndiyo yake," akasema. Sauti haikuwa ile waliyoizoea. "Yale mabichi ni yangu. Nimeyachuma leo asubuhi, nimeyapaka mafuta. Haya niliyatupa. Niliyaonea haya sura. Nilidhani mtatucheka. Na nilipobanwa nikamtwisha yeye. Binti yangu hana haraka. Mwenye haraka ni mimi."

Nakiete alikuwa ametokea mlangoni pa jiko, mwiko mkononi. "Kaka, umewatupia mbuzi maviru ya mtoto?"

"Nimewatupia, dada."

"Na ukasema ni yeye?"

"Nikasema ni yeye."

Nakiete akaushusha mwiko. Alirudi ndani. Mbonea angependa mara mia apigwe kwa ule mwiko.

Mama Mhina akanyoosha mkono. Akachagua viru moja, akalifuta kwa upindo wa nguo yake, akalitia mdomoni. Akatafuna. Akatoa kokwa kwenye kiganja. Akachukua la pili. Akasema bila kuinua kichwa, "Mjomba, keti."

Mzee Semdoe akaketi. Akaonja. Akaonja tena, akaufungua mdomo wake uliokuwa umejifunga. "Mbuzi wametangulia kuonja," akasema, "na sijaona aliyekufa. Leteni ungo karibu."

Wakala mpaka ungo ukabaki samadi. Mama Mhina akajipangusa, akamgeukia Mbonea aliyekuwa bado yuko magotini.

"Tunda tumelikubali. Binti tumemkubali, tangu msimu uliopita tulimkubali. Wewe mkwe," akasema, "wewe bado tunakufikiria."

Watu wakacheka, hata Nakijwa mdomo ulimcheza. Mbonea hakucheka. Kwa mara ya kwanza alichekwa akanyamaza, akaacha kicheko kimfike.

Jua lilipoanza kuinama wakashuka. Mbonea alimsindikiza binti yake mpaka mahali njia inapopinda. Hapo akamvuta pembeni.

"Mwanangu. Kwa nini ulisema ni wewe?"

"Ulikuwa umeshasema, baba. Ningekukana mbele ya wageni, ungerudi nyumbani na uso gani?"

"Na wewe je? Wewe ungebaki na uso gani?"

Nakijwa akafikiri kidogo. Hakuwa na hasira. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi, kwamba hakuwa na hasira.

"Mimi nimezoea kukaa nyuma ya jiko," akasema.

Akamuaga kwa adabu, akawafuata wenzake. Mbonea alibaki pale njia ilipopinda mpaka umande ukaanza kushuka.

Ndiyo maana, wanangu, baada ya kisa kile watu wa mlima ule waliongeza jambo katika desturi yao. Chungu kikishawekwa uani, baba hakifungui mpaka kwanza amshike binti yake mkono, auinue mbele ya wakwe na majivu yake, na aseme kwa sauti: "Mkono ni huu. Sura yetu ndiyo hii. Onjeni." Wa kwanza kuyasema maneno hayo ni Mbonea, siku mjukuu wake alipoposwa, akaalikwa kusimama mahali pa baba, yeye babu wa upande wa mama. Wanasema yalimchukua muda kutoka, na hakuna aliyemharakisha.

Basi fundisho ni hili, nalisema wazi ili asiwepo wa kuniambia hakusikia: mwenye kuona haya kwa kitu cha kwao, hataishia kukificha kitu hicho tu. Atakuja kumtoa mtu wa kwao alipe ile haya. Ukiulizwa, na jibu likiwa ni "mimi", liseme lingali dogo. Likikaa mdomoni linakua.

Chungu changu kiko wazi, nimekifuta mpaka chini. Aliyeshiba apanguse ndevu zake. Aliyebaki na njaa akaoshe chungu, na akimaliza aje aniinue, maana mguu huu nao umekufa ganzi.